Jino Limetoka, Maumivu Yamebaki: Misuli ya Taya na Sindano za Akupancha

Nilikuwa nimepeleka suruali ipunguzwe kwa mama mmoja anayeshona nguo katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Nikamkuta ameshika shavu la kulia kama mtu aliyezabwa kofi sasa hivi. Gego la chini lilikuwa limemsumbua miezi mitatu. Akaenda kliniki moja ya meno, likang'olewa. Kidonda kikapona, pengo likajifunga, lakini maumivu yakabaki pale pale, kwenye jino ambalo halipo. Aliporudi kulalamika akaambiwa huenda mkosaji ni jirani yake, gego linalofuata. Hapo akashtuka, akabeba mkoba wake akaondoka.

"Daktari," akaniita. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini Kibuye ukishaonekana mara moja na koti jeupe umehitimu. "Kuna dada kanisani ameniambia wako watu wanaochoma sindano kwenye taya na uchungu unaisha. Sindano za Wachina. Ni kweli, ama ni yale yale ya kuchanjwa chale?"

Alipokuwa akiniuliza hayo alikuwa na pini mbili mdomoni. Alizibana kwa meno, upande ule ule wa kulia, na wala hakuwa na habari kwamba anazo.

Kabla sijalijibu swali lake niweke jambo moja mezani: mimi pia huchoma hizo sindano. Kwa hiyo nikizisifu, msomaji apunguze kidogo, na nikizikosoa aamini kwamba sikufanya hivyo kwa raha.

Jino husingiziwa

Weka vidole viwili kwenye kila shavu, karibu na kona ya taya, kisha kaza meno. Kinachotutumka chini ya vidole ni msuli unaoitwa maseta. Sogeza vidole hadi kwenye mapanja, kaza tena: hapo pia panacheza. Huo ni temporalisi, msuli mpana uliotandazwa ubavuni mwa kichwa kama upepeo. Kila upande una misuli mingine miwili iliyojificha nyuma ya mfupa wa taya, ambayo huwezi kuigusa kirahisi. Yote minne inaamrishwa na tawi moja la neva ya tano ya kichwa, na neva hiyo hiyo ndiyo inayobeba habari kutoka kwenye meno, ufizi, ngozi ya uso na kiungo cha taya kilicho mbele ya tundu la sikio.

Kosa lilianzia kwenye neva hiyo. Habari zote hizo zikifika shina la ubongo hukutana katika kituo kimoja. Ubongo ni kama mtu anayepokea wageni stendi ya Kisumu usiku: analiona basi la Busia likiingia, lakini hajui nani alipandia Maseno na nani alipandia Luanda. Wote wanashuka mlango mmoja. Uchungu wa maseta ukishuka, ubongo unaweza kuusajili kama uchungu wa gego, wa sikio, au wa juu ya jicho. Wa temporalisi mara nyingi husomeka kama kipanda uso au kama maumivu ya meno ya juu. Mgonjwa hadanganyi. Anauonyesha mlango uliofunguka.

Sisemi watu wasiende kwa daktari wa meno. Waende huko kwanza, maana meno mengi yanayouma ni mabovu kweli. Lakini jino bovu lina tabia zake: maji baridi au chai ya moto huliamsha, ukiligonga kwa kijiko linapiga kelele, na eksirei mara nyingi huonyesha kitu. Daktari mwangalifu akiwa na shaka hulitia ganzi jino moja peke yake. Ganzi ikishika na maumivu yakaendelea kama kawaida, jino hilo halina hatia. Ni kipimo cha dakika chache, na fundi wetu hakufanyiwa.

Kwa upande wa misuli kipimo ni kidole. Utaratibu wa kimataifa wa kutambua matatizo haya, uliochapishwa mwaka 2014, unamtaka mchunguzaji aubonyeze msuli kwa nguvu ya kama kilo moja. Jaribu kwenye mizani ya jikoni uone, si nguvu kubwa. Kisha anauliza swali ambalo wengi hulisahau: haya ndiyo maumivu unayoyajua, yale yanayokusumbua nyumbani? Kuumia tu hakutoshi, kwa sababu taya la mtu yeyote ukilibonyeza vya kutosha litauma. Lazima mgonjwa aseme, "Hayo hayo!" Nilipombonyeza fundi katikati ya maseta ya kulia alinishika mkono akaniambia nimegusa jino lake. Jino lenyewe lilikuwa limeshatupwa zamani.

Hupimwa pia mdomo unavyofunguka. Mtu mzima huingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele, yaani milimita arubaini au zaidi. Fundi aliweza viwili na nusu. Ama ule mlio mdogo wa kiungo, "ka" unapopiga mwayo, wengi tunao, na ukiwa peke yake, bila maumivu wala kukwama, hauhitaji tiba yoyote.

Kwa nini msuli uchoke

Kuna jambo ambalo wagonjwa wangu wengi huliona la ajabu: ukiwa umetulia, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana. Midomo inafunga, meno yanaachana. Hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Ukijumlisha nyakati hizo kwa siku nzima unapata sehemu ndogo sana ya saa ishirini na nne. Anayekaza meno akiendesha bodaboda kwenye msongamano wa Kondele, au akisahihisha mitihani, au akikodolea macho tundu la sindano, anaufanyisha msuli zamu ambayo haukuajiriwa.

Wengine husaga meno usingizini na hujua tu kwa kuambiwa na wanaolala nao. Hata hivyo si kila asagaye meno huumwa, na si kila aumwaye husaga. Mazoea ya kwetu nayo yamo. Huu ni ukanda wa miwa, na tangu Kibos hadi Muhoroni watoto hujifunza kuumenya muwa kwa meno kabla ya kujua kusoma. Mogokaa, jamii ya miraa, hutafunwa saa nyingi mfululizo upande mmoja wa shavu. Chupa ya soda hufunguliwa kwa gego mbele ya watu ili wacheke. Juu ya hayo weka usingizi mbaya, karo, mgonjwa nyumbani: wasiwasi haubaki kichwani, hushuka mabegani na kwenye taya.

Maumivu haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya umri wa miaka ishirini na arubaini, na wataalamu bado wanavutana kuhusu sababu. Jambo ambalo limeshapoteza nguvu ni imani ya zamani kwamba chanzo ni meno yasiyopangika. Mtu akikuambia atakuchonga meno ili "yakae sawa" na taya lipone, mshukuru, uondoke. Jino likishachongwa halioti tena.

Sindano inaingiaje hapo

Akupancha ilianza China, na maandishi yake yana umri wa miaka kama elfu mbili. Nadharia ya kale inasema mwilini mna nguvu iitwayo chi inayotembea katika njia maalumu, na mahali ilipokwama pakichomwa sindano, njia inafunguka. Kwa taya, mabingwa wa Kichina hutumia pointi iitwayo Jiache, yaani gari la taya. Nyingine iitwayo Xiaguan, lango la chini, mbele ya sikio. Na Hegu, iliyo mkononi kati ya kidole gumba na cha shahada. Njia hizo za chi hakuna aliyewahi kuzipasua akaziona. Lakini tafuta Jiache kwa maelekezo yao: kaza meno, mahali msuli unapotutumka zaidi ndipo penyewe. Ni katikati ya maseta, pale pale nilipombonyeza fundi.

Watu wa Magharibi walifika mahali hapo kwa barabara nyingine. Janet Travell, aliyekuja kuwa daktari wa Rais Kennedy, alitumia miaka mingi kuchora mahali misuli inapoumia na mahali maumivu yake yanapojitokeza, na alitibu mafundo ya misuli kwa kuyadunga dawa. Mwaka 1979 daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia akaandika jambo jingine: katika wagonjwa wengi, nafuu ilitoka kwenye sindano yenyewe, hata ikiwa haina kitu ndani. Njia hiyo huitwa sindano kavu, jina ambalo wataalamu wengi wa fiziotherapia hulitumia leo. Anayejiita wa akupancha na anayejiita wa sindano kavu wanaweza kuchoma tundu moja, kwa sindano moja, na kukupa hadithi mbili tofauti.

Umaarufu wa akupancha duniani uliletwa na kidole tumbo. Julai 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alipasuliwa huko Beijing, na siku chache baadaye akaandika katika gazeti lake jinsi alivyochomwa sindano. Tangu hapo imeenea hadithi kwamba alipasuliwa akiwa macho, sindano ndizo ganzi. Sivyo. Alitiwa ganzi ya kawaida. Sindano za akupancha zilikuja baada ya upasuaji, kumtuliza tumbo lililojaa gesi. Nimeisikia ile hadithi potofu ikisimuliwa mara nyingi, hata na watu wa afya.

Sasa chale. Mchanja chale huikata ngozi na kupaka dawa, na mpiga chuku hufyonza damu kwa pembe au kikombe. Sindano ya akupancha haitii dawa wala haitoi damu, isipokuwa tone moja kwa bahati mbaya. Ni nyembamba mno, mara nyingi robo ya milimita, na inapinda ukiigusa vibaya. Unalala chali, ngozi inasafishwa, sindano inagongwa kwa kidole ndani ya kijibomba cha plastiki, tap. Wengi huniuliza nitaanza lini wakati tayari ziko tatu. Kinachofuata si mchomo wa kawaida bali uzito, kama kuna mtu ameweka kidole kizito ndani ya shavu. Wachina wana jina lake na wanasema bila hisia hiyo hakuna tiba. Sindano ikifika kwenye fundo la maseta, msuli unaweza kuruka mara moja kama samaki aliyehisi ndoana. Zinaachwa dakika kumi na tano hadi thelathini, kisha zinatolewa na kutupwa.

Na mkono je, una uhusiano gani na taya? Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa ilivyotokea ni kama walikuwa na maabara. Mwili ukipata kero mpya mahali pamoja, shina la ubongo huteremsha amri inayopunguza ukali wa maumivu mahali pengine. Watafiti wa Ufaransa walieleza mfumo huo kwa panya mwaka 1979. Mwaka 1977 kundi moja la Marekani liliwasisimua watu meno kwa umeme, likawachoma Hegu, maumivu yakapungua. Walipowapa dawa inayozuia kazi ya afyuni ya asili ya mwili, yaani kemikali ambazo mwili hujitengenezea kutuliza maumivu, ile nafuu ikayeyuka. Ushahidi mzuri, ila waliorudia jaribio baadaye hawakupata jibu lile lile. Mwaka 2010 watafiti wa Rochester, New York, walionyesha kwa panya kwamba tishu iliyochomwa na kuzungushwa sindano hutoa adenosini, kemikali inayotuliza neva za jirani. Panya, lakini si haba.

Kwa hiyo njia za kueleza zipo, na hazihitaji chi. Kuwa na maelezo, hata hivyo, si sawa na kuwa na ushahidi kwamba mgonjwa atapona. Kosa hili hufanywa na pande zote mbili.

Kulifumua swali

"Sindano zinaponya kweli?" Swali hilo ni matatu yaliyoshonwa pamoja, na inabidi tuufumue mshono. La kwanza: aliyechomwa anapata nafuu kuliko asiyefanyiwa kitu? La pili: anapata nafuu kuliko aliyechomwa kwa uongo? La tatu: anapata nafuu kuliko aliyepewa tiba nyingine?

Mfano bora ninaoujua si wa taya, ni wa mgongo, lakini fundisho lake linabebeka. Wajerumani waliwagawa wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo katika makundi matatu, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye pointi halisi za Kichina. La pili lilichomwa juu juu mahali pasipo pointi yoyote. La tatu lilipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa pointi halisi, 44.2 kwa uongo, na 27.4 kwa tiba ya kawaida.

Zisome tarakimu hizo polepole. Ukiwa mtetezi wa akupancha utasema: tumeishinda tiba ya kawaida karibu mara mbili! Ukiwa mpinzani utasema: ukichomwa popote ni sawa, kwa hiyo ramani yote ya pointi ni hadithi. Wote wawili wamesoma karatasi moja. Ndiyo maana binamu yako atakutumia makala inayosema imethibitishwa, na shemeji yako inayosema imekanushwa, na hakuna aliyedanganya.

Ugumu uko kwenye ule uongo wenyewe. Kidonge cha uongo ni rahisi, unatengeneza cha unga. Sindano ya uongo utaifanyaje? Mwaka 1998 Mjerumani Konrad Streitberger alibuni sindano butu inayoingia ndani ya mpini wake badala ya ngozi, kama kisu cha waigizaji. Lakini hata hiyo inaigusa ngozi, na ngozi ina neva. Ongeza chumba kimya, mtu anayekusikiliza nusu saa bila kuangalia simu, na matumaini uliyoyabeba toka nyumbani. Yote hayo hutuliza maumivu, na yote yamo katika makundi yote mawili, la sindano halisi na la sindano ya uongo.

Uchambuzi mkubwa zaidi uliokusanya majaribio 39 na wagonjwa 20,827, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba kwa maumivu sugu ya mgongo, shingo, goti, bega na kichwa, sindano halisi ilizidi ya uongo, lakini kwa tofauti ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya kuchomwa na kutochomwa kabisa. Taya halimo katika orodha hiyo. Kwa taya tuna majaribio madogo madogo. Uswidi na Finland miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 waliilinganisha akupancha na tiba za kawaida za taya, hasa kifaa cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno usiku. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililomwacha mwenzake mbali. Yaliyofuata, yenye sindano za uongo, yamegawanyika.

Mwaka 2023 jopo la kimataifa lilichapisha katika jarida la BMJ mwongozo wa maumivu sugu ya taya. Tiba zilizopewa uzito wa kwanza hazina mvuto wowote wa kusimuliana kanisani: mazoezi ya taya yanayosimamiwa, mazoezi ya mkao wa mwili, mikono ya mtaalamu kwenye kiungo na kwenye mafundo, na mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili namna mtu anavyoyafikiria maumivu na anavyoishi nayo. Akupancha iliwekwa daraja la pili: inaweza kutumika, kwa masharti, kwa sababu ushahidi wake hauna uhakika mkubwa. Yaliyokatazwa kwa nguvu ni pamoja na kuondoa kisahani cha gegedu cha kiungo cha taya kwa upasuaji, na vifaa vinavyobadilisha mpangilio wa meno kwa namna isiyorudi nyuma.

Daraja la pili. Mimi nimeridhika nalo, ingawa wenzangu wengine huliona ni tusi. Ninavyoona mimi, sindano huunyamazisha msuli kwa siku kadhaa. Haiubadilishi mwenendo uliouchokesha. Zile siku za ukimya zina thamani kubwa ukizitumia kufanya mazoezi ambayo jana yalikuwa yanauma mno. Ukirudi nazo kwenye pini na mogokaa, umelipia usingizi wa siku tatu. Na mahali ilipochomwa, kwa milimita, huenda si muhimu kama chati za ukutani zinavyodai, ila kwenye maseta inasaidia kuchoma maseta.

Kuna mtego mmoja zaidi. Maumivu ya taya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta tiba siku yanapokuwa kileleni, na kutoka kileleni kila njia ni mteremko. Atakachokuwa amefanyiwa wiki hiyo ndicho kitakachopewa sifa, kiwe sindano, maombi au majani ya mwarobaini.

Mahali ambapo sindano ingoje

Maumivu ya taya yanayoletwa na kupanda mlima au ngazi na kutulia ukipumzika, hasa yakiambatana na kifua kubana au jasho, yanaweza kuwa ya moyo. Uvimbe wenye homa ni usaha hadi ithibitishwe vinginevyo. Mchomo wa sekunde chache kama shoti ya umeme, unaoamshwa na kunawa uso au kupiga mswaki, ni ugonjwa wa neva yenyewe na una dawa zake. Mzee anayeanza ghafla kuumwa panja na taya akitafuna, huku macho yakififia, asilale na jambo hilo.

Taya linalojifunga siku kadhaa baada ya kidonda, hata kidogo cha msumari, linaweza kuwa pepopunda. Ugonjwa huo uliogopwa huku tangu kale. Wazee wa Kiluo waliwang'oa vijana meno sita ya chini ya mbele, desturi iitwayo nak, na miongoni mwa sababu zinazosimuliwa ni kwamba mtu akifungwa taya aweze kunyweshwa uji kupitia pengo. Siku hizi kuna chanjo, na mgonjwa anayeshukiwa anakimbizwa hospitali.

Na mtoto. Mtoto aliyevimba taya, meno yakilegea bila sababu, asipelekwe kwa mchoma sindano, mchanja chale wala mng'oa meno. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, alieleza saratani ya mataya ya watoto ambayo leo ina jina lake, na ambayo huonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Ukanda wa ziwa letu umo ndani yake. Hukua kwa kasi ya kutisha, lakini ikiwahiwa husikia dawa vizuri kuliko saratani nyingi. Ukiwa Kisumu nenda Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, siku hiyo hiyo.

Ukiamua kuchomwa, sharti la kwanza halijadiliwi: sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe ukiona, itumike mara moja. Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita kwenye sindano iliyorudiwa, na sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji kuhubiriwa hilo. Muulize leseni yake. Wataalamu wa fiziotherapia tuna baraza letu lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na madaktari wana lao. Tiba mbadala inatajwa katika Sheria ya Afya ya 2017, lakini kutajwa katika sheria si leseni ya mtu. Mwambie kama una mimba, kwa maana Hegu huepukwa kwa wajawazito, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Michubuko midogo ni ya kawaida, na wengine huzimia kidogo, ndiyo maana unalazwa. Akitaka kuchoma begani au kifuani kwa kina muulize anajua pafu linaanzia wapi. Likitobolewa ni dharura.

Ni mara ngapi? Kwangu, mara nne hadi sita. Kama baada ya hapo hakuna kilichosogea, naacha na kumwambia mgonjwa hivyo. Anayekuuzia vikao ishirini kwa mpigo anakuuzia kitu kingine.

Fundi nilimchoma mara tatu. Mara ya kwanza alilala usingizi wa kukoroma nikaogopa kumwamsha. Lakini muda mrefu zaidi tuliutumia kwenye herufi moja. Tamka "n", kama unaanza kusema "nne", usiimalize. Ulimi uko nyuma ya meno ya juu, meno yameachana, taya limening'inia. Huo ndio mkao wa mapumziko. Nilimwambia aurudie kila anapobadilisha uzi kwenye cherehani. Kitambaa cha maji ya moto shavuni jioni, dakika kumi. Kufungua mdomo polepole, ulimi ukiwa juu bado, mara sita, mara kadhaa kwa siku. Akipiga mwayo, ngumi chini ya kidevu. Chakula hakikutupa shida: ugali na samaki ni rafiki wa taya, na mtu anaweza kuishi mwezi mzima bila kutafuna muwa wala mahindi ya kuchoma, ingawa alinitazama kama nimemtukana mamake.

Na pini. Nilimnunulia sumaku ya spika mbovu kwa fundi wa redio jirani yake, shilingi hamsini, akaigandisha kwenye mwili wa cherehani. Pini zikahamia huko. Wiki ya sita alikuwa anaingiza vidole vitatu, na lile jino lisilokuwepo linauma siku mojamoja tu, hasa mwisho wa mwezi kodi inapodaiwa. Ni sindano, ni sumaku, ni herufi "n", au ni maumivu yaliyokuwa yanashuka yenyewe? Kwa mtu mmoja siwezi kutenganisha, na yeye hajali.

Juzi nilipita kuchukua suruali. Alikuwa anamalizia upindo. Pini zote ziko kwenye sumaku, zimesimama kama nywele za nungunungu. Akaukaza uzi, akauinamia, akaukata kwa meno, upande wa kulia.